Tangawizi ndo bosi, ramu inafuata

Kila nikitengeneza hiki kinywaji cha ramu na tangawizi na watu wakakipenda, swali la kwanza huwa ni lilelile, ramu gani hiyo? Hakuna anayeulizia tangawizi. Alafu mtu anaenda supermarket anatoa hela ndefu kwa chupa moja, anaibeba mpaka Nyegezi hapa Mwanza kwa mbwembwe zote, akifika home anafungua soda ya tangawizi iliyoshinda kwenye kreti barazani, ya vuguvugu, anatupia vibarafu viwili, anaonja, anakunja sura, kesho yake ananipigia simu eti nimemdanganya. Sijamdanganya mtu mimi. Kwenye hii kitu ramu ni mpole kuliko watu wanavyodhani, ukiipa tangawizi kali na baridi ya kutosha hata ramu ya kawaida kabisa inasimama, ila ukikosea tangawizi hata ushushe pipa zima kutoka Jamaica hutafika popote.

Kwa mgeni wa habari hizi, tunaongelea ramu nyeusi, kinywaji cha tangawizi chenye gesi, ndimu na barafu. Basi, hamna kingine. Duniani inajulikana kama Dark 'n' Stormy, yani giza na dhoruba, na kwao ni Bermuda, visiwa vidogo vya Waingereza katikati ya Atlantiki. Wengi wanaviweka Karibiani kwenye ramani ya kichwani kwao lakini vipo mbali huko kaskazini, vyenyewe tu na bahari. Kuna familia inaitwa Gosling, mtu wao alitoka Uingereza mwaka 1806 akiwa na shehena ya pombe anaelekea Virginia, upepo ukagoma, muda wa kukodi meli ukaisha, wakashushwa hapo St. George's na biashara ikaota mizizi hapohapo mpaka leo. Ramu yao nyeusi ndo inaitwa Black Seal, yani muhuri mweusi, maana zamani waliijaza kwenye chupa za shampeni walizookota tupu kwenye mesi ya maofisa wa Kiingereza, wakaziba kizibo kwa nta nyeusi. Miwa yenyewe hawana, wanachukua pombe kutoka Karibiani wao wanachanganya na kukomaza. Na hili jina la kinywaji wamelisajili kama alama yao ya biashara, yani kule Marekani baa ikiliandika kwenye menyu alafu ikamimina ramu ya kampuni nyingine inaweza kuletewa barua ya mwanasheria. Sisi tuite tu ramu-tangawizi tulale salama.

Wenye kuinywa kwanza walikuwa wanamaji. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linawagawia askari ramu kila siku, kama posho, na kali kwelikweli, ile ya miaka ya mwisho ilikuwa asilimia 54.5, mpaka walipoifuta tarehe 31 Julai 1970. Zamani walipewa kavu, mpaka admeri mmoja, Edward Vernon, alipochoka na ulevi mwaka 1740 akaamuru ichanganywe na maji kabla haijagawiwa, na baadaye ikawa kawaida kutia maji ya ndimu au limao. Sasa pale Bermuda kulikuwa na kituo chao kikubwa cha meli, na inasimuliwa kwamba walitengenezewa bia ya tangawizi ili wapunguze ramu. Unajua walichofanya. Wakamimina hii kwenye ile. Na baharia mmoja, ndo stori inavyoenda, akainua glasi akaangalia lile giza linashuka kwenye tangawizi akasema rangi yake ni ya wingu ambalo ni mjinga tu au marehemu anaweza kusafiri chini yake.

Mtu wa Mwanza hahitaji kufafanuliwa hilo wingu. Dhoruba za ziwa letu zina tabia ya kuja usiku na alfajiri, mchana upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu na mvua zinapiga huko vilimani, usiku unageuka, hewa kutoka pande zote za ufukwe inakimbilia katikati ya ziwa, inakutana, inapanda, na maji yenyewe bado yana joto la mchana, hapo ndo unaona radi zinachora upande wa Ukerewe saa tisa za usiku wakati wavuvi wa dagaa wapo huko na taa zao. Kwahiyo hiki kinywaji mi naona kimekosea njia tu, kilitakiwa kizaliwe Kirumba.

Haya, ramu. Ramu ni pombe ya miwa, na mara nyingi inatoka kwenye molasi, ile nzito nyeusi inayobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Wanaichachua, wanaikeneka, wanaiweka kwenye mapipa ya mbao. Inatoka kwenye mtambo ikiwa haina rangi, weusi unatokana na mapipa na kwa nyingi kuna karameli imeongezwa, kwahiyo usidhani nyeusi sana maana yake imezeeka sana. Ajabu ni kwamba sisi miwa tunayo, Kagera Sugar ipo hapo ng'ambo Missenyi, ila ukitaka ramu nyeusi nzuri bado unaagizia. Ukiwa na ndugu Kisumu au Nairobi muagize Myers's, ni ya Jamaica, nzito, ina ule uchungu kidogo wa sukari iliyoungua na inafaa sana hapa. Black Seal yenyewe ukiipata sawa, mi sijisumbui kuitafuta.

Inayopatikana kirahisi mjini ni Captain Morgan ile ya dhahabu. Sio nyeusi, ni asilimia 35 tu, na imeshatiwa viungo na vanila kiwandani kwahiyo ina utamu utamu. Watu wa kokteli wa mitandaoni watakuponda lakini mi nasema inafaa, mradi ujue umeshaongeza utamu juu ya utamu wa soda, hivo ndimu isiwe ya kubahatisha. Ukiwa na ramu nyeupe kuna njia ya kuipa uzito, chukua sukari guru, chemsha na maji kiasi sawa kwa sawa mpaka iyeyuke, ipoe, weka kijiko kimoja cha chai kwenye glasi. Sukari guru ina molasi yake bado ndani, ndo kile kitu ramu nyeupe imekosa. Haitakuwa Black Seal ila utaielewa.

Na Konyagi? Najua mnauliza. Konyagi nayo asili yake ni molasi lakini ladha yake ipo upande wa gin, na ni nyeupe, ukiiweka kwenye tangawizi unapata kinywaji kingine, kizuri tu, na nchi nzima inakijua. Enzi za viroba, zile pakti ndogo za plastiki za pombe kali, kabla serikali haijavipiga marufuku Machi 2017, watu walikuwa wanapasua kiroba kwa meno wanakimimina kwenye chupa ya soda ya Stoney hapohapo stendi huku kondakta anapiga kelele. Sio dhambi. Ila leo tunaongelea ramu.

Sasa twende kwenye penyewe. Stoney Tangawizi tunaipenda wote, imejazwa hapahapa Mwanza, inakupiga kooni vizuri ukiinywa peke yake. Tatizo lake ukiichanganya na pombe inashuka. Ramu inaleta utamu wake, barafu inaleta maji, na ule ukali wa tangawizi ulikuwa wa kutosha soda peke yake tu, ukigawana na watu wengine haufiki. Unabaki na sukari. Kwahiyo Stoney unaiongezea tangawizi mbichi, na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Mi yangu nanunua soko la Mlango Mmoja kwa mama mmoja ambaye anajua kuchagua. Tangawizi inayotufikia nyingi ni ya Kigoma au ya Same kule Kilimanjaro, na yeye hana hamu na yale madole manene yanayong'aa ambayo watu wanayakimbilia. Manene laini mara nyingi bado changa, yana maji mengi na ukali kidogo. Unataka iliyokomaa, ngozi kavu, ukiivunja inatoa nyuzi na harufu inakufikia kabla hujaisogeza puani. Juzi kanipimia nusu kilo akaniangalia.

"Yote hii mwanangu, una shughuli?"

"Hapana mama, ni ya chai tu."

"Chai ya kijiji kizima hiyo."

Nikacheka nikamshukuru kisukuma, wabeja mama, nikaondoka zangu. Sio uongo wote, mtaona huko mbele.

Nyumbani ioshe, usihangaike kumenya kama ngozi ni safi, ikwangue kwenye kile cha kukwangulia karoti au itwange kwenye kinu, blenda pia sawa ukiweka maji kidogo. Kamua kwa kitambaa kisafi. Nusu kilo inakupa kama kikombe kimoja cha chai, wakati mwingine pungufu. Sasa iache itulie kama nusu saa hivi, utaona kitu cheupe kimekaa chini, huo ni wanga, hauna ladha na unafanya kinywaji kiwe na uvumbi uvumbi mdomoni. Mimina ya juu taratibu, ya chini bakiza.

Usiichemshe! Hii watu wanabisha sana maana tumezoea kuchemsha tangawizi. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kitu kinaitwa jinjeroli, na ukiipika sehemu yake inageuka zinjeroni ambayo ni pole, inanukia vizuri, ina utamu fulani wa biskuti. Ndo ile unayoisikia kwenye chai. Ukiikausha inageuka kitu kingine tena, shogaoli, chenyewe ni kikali hata kuliko mbichi, ndo mana tangawizi ya unga inawasha kwa namna yake ila haina ule ubichi wa ndimu ndimu. Kwa ramu unataka ubichi. Kama unataka kuitunza changanya ile maji ya tangawizi na sukari, koroga mpaka iyeyuke bila moto, weka friji, ndani ya siku chache itakuwa imeanza kupoa makali kwahiyo usitengeneze ya mwezi.

Ukipata hiyo, kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi, alafu juu yake Stoney. Ukitaka isiwe tamu kabisa tumia soda water badala ya Stoney na uongeze hiyo tangawizi ya sukari mpaka ukubaliane nayo. Shemeji yangu wa Bukoba anapenda ya soda water, mi napenda ya Stoney, na hatujawahi kukubaliana.

Kuna ya tatu, ya kuchachusha mwenyewe, ambayo ndo bia ya tangawizi ya asili kama Waingereza walivyoanza nayo karne ya 18. Na kwa joto la Mwanza ni rahisi kuliko kwao. Chukua chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu, narudia ya PLASTIKI, weka maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari gramu 120 hivi, maji ya tangawizi nusu kikombe, ndimu mbili, na hamira ya kubana kwa vidole viwili tu, ileile ya maandazi. Acha nafasi ya vidole vinne juu, funga, tikisa, weka kabatini. Hamira inakula sukari inatoa gesi, na gesi haina pa kwenda inaingia kwenye maji. Kila baada ya masaa kadhaa iminye chupa, ikiwa ngumu kiasi kwamba kidole hakiingii peleka friji hapohapo, hapa kwetu ni siku moja, ikizidi sana mbili. Ndo mana nasema plastiki, ya kioo huwezi kuiminya ukajua imefikia wapi, na ikizidiwa inapasuka vipande, mtu anaweza kupoteza jicho. Ikishapoa fungua kidogo kidogo, taratibu. Chini kutakuwa na mashapo ya hamira, usiyatikise. Na ina kilevi kidogo chenyewe hata kabla ya ramu kwahiyo sio juisi ya watoto.

Ladha yake haina mpinzani kwakweli, imekauka, inauma, haina ile sukari ya kung'ang'ania meno.

Barafu nisiipite. Gesi inakaa kwenye kinywaji cha baridi na inakimbia kwenye cha moto, hiyo ni fizikia, na sisi tupo mita 1,134 juu ya bahari, hewa inayokandamiza ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, kwahiyo soda ukiifungua huku inakuwa na haraka zaidi ya kukimbia. Ukimimina Stoney ya moto juu ya barafu umepoteza gesi yote palepale kwa mpigo na barafu imeyeyuka nusu. Kila kitu kiwe baridi kabla hakijakutana: soda friji, ramu friza (haigandi), glasi friza. Barafu iwe kubwa, gandisha kwenye kontena au kikombe, maji yaliyochemshwa, vipande vikubwa vinayeyuka taratibu kuliko vile vidogo vya kwenye mfuko. Na jamani ile barafu ya kuhifadhia samaki pale Mwaloni sio ya kunywea hata uioshe vipi, nasema kwasababu nimeona.

Baa nyingi hapa ndo zinapofelia, sio kwenye ramu. Nilikaa kaunta ya sehemu moja nisiyoitaja nikauliza, dada mna ramu? Ipo kaka. Na Stoney ya baridi? Akafungua friji, akaishika, akaifikiria. "Baridi sana hapana kaka, ya wastani." Nikaagiza bia. Bia nayo ilikuwa ya wastani.

Kuunganisha ni dakika moja. Glasi ndefu, jaza barafu mpaka juu, sio nusu, barafu nyingi inayeyuka taratibu kuliko kidogo. Kamulia nusu ndimu, na iwe ndimu, limao ni pole mno kwa hii kazi. Kijiko cha tangawizi yako. Soda mililita 100 mpaka 120, imimine kwa upande wa glasi iliyoinamishwa ili gesi isitimuliwe. Mwisho kabisa ramu mililita 60, yani toti mbili za 30, pole pole juu ya barafu. Itakaa juu yenyewe, maana soda yenye sukari ni nzito kuliko ramu, alafu itaanza kushuka vijimkia vyeusi, hapo piga picha yako haraka uweke status maana najua utaweka. Baada ya hapo wengine wananywa hivohivo wanaanza na ramu. Mi nazamisha kijiko mpaka chini nanyanyua mara moja, basi. Ukikoroga kama uji umeua gesi uliyohangaika nayo tangu asubuhi.

Alafu tuwe wakweli kuhusu nguvu yake, kwasababu tangawizi inaficha sana. Mililita 60 za ramu ya asilimia 40 zina kama mililita 24 za kilevi chenyewe. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Kwahiyo kila glasi ni bia nzima, ila bia unaisikia tumboni, hii unaimaliza huku bado unaongea sentensi ileile. Mwenye gari aache funguo kwa mwenye nyumba, boda zipo usiku kucha, na mwenye chini ya miaka 18 nakusalimia tu.

Cha kula nayo ni sato wa kukaanga mkavu na kachumbari yenye pilipili, tangawizi inakata mafuta vizuri sana. Dagaa wa kukaanga pia. Nyama choma mi naona inapigana nayo, ila kuna wasukuma wenzangu wameniambia sijui kula, tuyaache.

Yale makapi ya tangawizi yaliyobaki kwenye kitambaa usitupe, bado yana nguvu. Yagandishe kidogo kidogo, asubuhi tia kwenye sufuria na maji, yachemke kwanza vizuri ndo uongeze maziwa na majani, maana tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa na utabaki unamlaumu muuza maziwa bure.